Siti binti Saad na Heshima ya Sauti

Msomaji, ukitoka katika kisiwa cha Mombasa ukavuka daraja la Nyali kwenda bara, mahali utakapopafikia kabla ya kuingia Kongowea huitwa Kengeleni. Jina hili lina asili yake. Hapo ilitundikwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza wa C.M.S. kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1873, Sultani Barghash wa Unguja alikuwa ametia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, lakini mkataba ni karatasi na magendo hayajui kusoma. Yasimuliwa kuwa kengele ile ilipigwa kuwaonya wenyeji wa kijiji kila ilipohofiwa kuwa wafanya biashara ya watumwa wamekaribia.

Jina la Kongowea lenyewe ni kongwe kuliko kengele. Ni moja katika majina ya kale ya mji wa Mombasa, na mapokeo ya wazee humtaja Mwana Mkisi, mwanamke, kuwa ndiye aliyeutawala mji huo kabla ya kuja Shehe Mvita. Kwa hiyo mahali hapa pana kumbukumbu mbili zinazokaa jirani: moja ya mwanamke aliyekuwa mtawala, na nyingine ya watu walionunuliwa na kuuzwa kama bidhaa. Kati ya kumbukumbu hizo mbili lipo swali ambalo historia ya pwani yetu haina budi kulijibu. Mtu aliyekuwa mtumwa akisha kuachwa huru, ni nani humpa heshima? Sheria yaweza kumfungua minyororo, lakini je, yaweza kumfanya jirani yake amwamkie kwa adabu?

Watu wa Frere Town walilijibu swali hili kwa njia yao. Walijenga nyumba, walijifunza kusoma na kufanya kazi za ufundi, na wengi wao wakachukua majina mapya. Baadhi ya viongozi wao walikuwa wametoka mbali: walitekwa utotoni katika Afrika, wakaokolewa baharini na kupelekwa Bara Hindi, wakasomeshwa karibu na Bombay, kisha wakarudi pwani hii wakiitwa Waafrika wa Bombay. Bahari iliyokuwa imewachukua wao kama mizigo iliwarudisha wakiwa walimu. Insha hii ni ya habari za mwanamke ambaye naye alizaliwa katika nasaba ya utumwa, naye akavuka bahari hiyo hiyo kwenda Bombay, lakini jibu lake lilikuwa jingine. Yeye hakujibu kwa kitabu wala kwa ufundi wa mikono. Alijibu kwa sauti. Jina lake ni Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua, ingawa wote wawili walizaliwa Unguja. Mtoto alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Zamani zile majina ya namna hiyo hayakuwa ajabu. Jina lilikuwa vazi la kwanza la mtoto, na mtoto huyu alivishwa hali ya wazee wake kabla hajajua kutambaa. Kila aliyemwita alimkumbusha, kwa kupenda au kwa kutopenda, mahali alipowekwa na watu katika ngazi ya dunia.

Fumba ilikuwa nchi ya wavuvi na wafinyanzi. Wanaume walikwenda baharini, na wanawake walichimba udongo, wakaukanda, wakaufinyanga vyungu kwa mikono, wakavianika, kisha wakavichoma. Mtumwa binti Saad alijifunza kazi hiyo, naye alichukua vyungu kichwani akaenda kuviuza. Mchuuzi hana budi kuitangaza bidhaa yake, na binti huyu aliitangaza kwa kuimba. Husimuliwa kwamba sauti yake ilikuwa na nguvu hata watu waliijua kabla hawajamwona, wakatoka majumbani kumngoja. Vyungu vyake labda havikuwa bora kuliko vya wengine, lakini hapana mwingine aliyekuwa na sauti ile. Hapo twaona jambo la kwanza la kujifunza katika maisha yake. Shule hakupata, wala mwalimu wa muziki hakupata, wala mali hakupata. Lakini kazi ndogo aliyokuwa nayo aliifanya kuwa shule, na njia ya shamba ikawa ukumbi wake wa kwanza.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, sheria ilibadilika. Tarehe 6 Aprili, 1897, Sultani Hamoud bin Muhammad alitoa amri iliyoondoa hali ya utumwa mbele ya mahakama katika Unguja na Pemba. Lakini amri ile haikuwa kama jua linalochomoza kwa kila mtu mara moja. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa kwenda mwenyewe kuuomba, na bwana wake aliweza kulipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hata mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1907. Kwa hiyo watu wengi waliingia katika karne ya ishirini wakiwa na uhuru wa karatasi, huku wakiishi katika mashamba yale yale, wakiitwa kwa majina yale yale, na kudharauliwa kwa midomo ile ile.

Baada ya miaka hiyo wengi walihama mashamba wakaingia mjini. Walijenga ng'ambo ya hori, upande wa mashariki wa mji wa mawe, mahali palipoitwa Ng'ambo. Huko walikusanyika Wanyamwezi, Wazaramo, Wamanyema, Wayao, Wangazija na watu wengine wengi. Na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1911 binti wa Fumba naye alikwenda mjini. Katika wakati huo mwanamke wa shamba aliyekwenda mjini peke yake alikuwa hana kinga ila akili yake. Alipata bahati ya kukutana na mwanamuziki Muhsin Ali, aliyeisikia sauti yake akatambua thamani yake. Huyu alimfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, lakini hakuona haya kuanza alifu kwa kijiti. Msomaji kijana, lishike jambo hili. Elimu haina mlango wa umri. Ina mlango wa haja tu.

Ili uelewe ukubwa wa aliyoyafanya, yafaa ujue hali ya taarabu ilivyokuwa. Muziki huu ulipandwa Unguja katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Husimuliwa kuwa alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri kujifunza kupiga ala, akarudi kutumbuiza jumbani. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai hata leo. Wapigaji walikuwa wanaume, na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Wachache waliomiliki mali na vyeo walisikiliza lugha ambayo wengi waliowahudumia hawakuielewa. Si kwamba watu wa kawaida hawakuwa na muziki. Walikuwa na ngoma zao, nyimbo za arusi na za unyago, nyimbo za kutwanga na za kuvuta jahazi. Lakini muziki wa heshima na muziki wa watu vilikaa mbalimbali, kama sebule na jiko katika nyumba moja.

Siti ndiye aliyeupasua ukuta uliokuwa kati yao. Alichukua ala za taarabu, yaani udi, fidla na kanuni, akaziimbia Kiswahili cha Ng'ambo. Alitia katika sebule habari zilizokuwa zikizungumzwa jikoni. Watu wa mjini waliopendezwa naye waliliacha jina la Mtumwa wakamwita Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Angalia, msomaji, jinsi jina hilo lilivyopatikana. Halikuandikwa katika hati ya mahakama, wala hapana hakimu aliyelitangaza. Lilitoka katika vinywa vya waliomsikiliza. Amri ya 1897 ilimwambia kuwa hana bwana. Watu walimwambia kuwa yeye ni bibi.

Siti hakuwa peke yake. Aliandamana na kundi la wanaume waliokuwa mafundi wa ala na watunzi wa maneno: Muhsin Ali, Subeti Ambar, Buda Swedi, na Mbaruk Effandi Talsam. Huyu wa mwisho yatupasa tumtazame zaidi, maana alitoka Mombasa. Alikuwa kipofu, naye alikuwa stadi wa udi na mwimbaji mwenye jina lake mwenyewe. Fikiri hali ya kundi lile: mwanamke mfinyanzi wa shamba na kipofu wa Mombasa, wakiongoza muziki ambao hapo kwanza ulikuwa pambo la wafalme. Dunia ilikuwa imemweka kila mmoja pembeni kwa sababu yake. Walipokaa pamoja, pembe zao zilifanya nyumba.

Jioni kundi lilikutana nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo kufanya mazoezi, na majirani walikusanyika kusikiliza. Waliokuja hawakuja na masikio tu, bali walikuja na habari pia: nani ameshinda kesi, nani amefungwa, nani amemdhulumu mkewe, nani amekula mali ya mayatima. Habari zikageuzwa kuwa nyimbo, na nyimbo zikarudi kwa wenye habari. Ziko nyimbo za mapenzi, nyingi sana, kama zilivyo katika taarabu zote; lakini ziko pia zile zilizosema juu ya haki.

Wimbo wake uliojulikana kuliko nyingi huitwa Kijiti. Wasimulia habari za mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akaenda ngomani, akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Mwuaji alitoroka akavuka kwenda bara. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa, kwa ajili ya pombe iliyokuwapo siku hiyo. Pima jambo hilo kwa mizani ya akili yako. Aliyemwaga damu yuko mbali, na aliyesema kweli yuko kifungoni. Mahakama ilimaliza kazi yake ikafunga faili. Wimbo haukulifunga. Uliimbwa Unguja na pwani, na kila ulipoimbwa kesi ile ilisikilizwa upya na mahakimu ambao Serikali haikuwateua. Leo ni wachache watakaolitafuta faili katika nyaraka, lakini jina la Kijiti halijasahauliwa. Hii ndiyo sababu mwanahistoria asiyezijua nyimbo za watu huwa ameisoma nusu ya kitabu.

Mafanikio hayakosi maadui. Wapo waliosema kuwa si heshima mwanamke kuimba mbele ya wanaume. Wapo pia walioona uchungu kwa kuwa aliyesifiwa hakuwa na nasaba, wala mali, wala uzuri wa uso uliozoewa kusifiwa. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka: shamba, vyungu, na mavazi ya kimaskini, wakauliza tangu lini naye amekuwa mtu. Siti hakuwashitaki wala hakuwatukana. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ilikuwa kwamba sura na ukoo si vitu vya kujivunia mtu akikosa akili na tabia njema. Tena hakulificha asili lake. Hakudai kuwa ana babu wa Uarabuni, kama ilivyokuwa desturi ya wengi waliotaka kupanda daraja siku zile. Alikubali kuwa ametoka shamba, kisha akawafanya watu wa mjini wamfuate mtu wa shamba. Mwishowe mialiko ya majumba makubwa ilimfikia. Aliimba katika arusi za matajiri na mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub mwenyewe.

Twafika sasa katika mwaka 1928, mwaka mkubwa katika maisha yake na katika maisha ya lugha yetu. Kampuni ya santuri ya His Master's Voice ilitaka sauti za Afrika ya Mashariki, lakini katika nchi hizi hapakuwa na chumba cha kunasia sauti. Ikambidi Siti na wenziwe wasafiri kwa meli mpaka Bombay, mji ambao siku hizi huitwa Mumbai. Wakati ule ufundi wa kunasa sauti kwa maikrofoni na umeme ulikuwa mchanga, haujatimiza hata miaka mitano. Mwimbaji alisimama mbele ya chombo, na sauti yake ikachorwa katika nta. Nta ikafanywa kalibu, na kalibu ikapiga santuri nyingi zilizofanana. Upande mmoja wa santuri uliweza kuchukua dakika tatu hivi tu. Wimbo ambao katika arusi ulidumu nusu saa, huku watu wakitunza na kudai urudiwe, sasa ulilazimika kukatwa kama nguo ya mtu mzima inayoshonewa mtoto. Ilihitaji ustadi mkubwa kuchagua beti za kubakiza bila kuua maana.

Santuri zilipofika pwani zilipokewa kwa furaha kubwa. Hata wakati huo watu walikuwa wakinunua santuri za Misri na za Bara Hindi, wakasikiliza lugha za wengine. Sasa kinanda kilisema Kiswahili. Haikumlazimu mtu awe amealikwa jumbani ili amsikie Siti. Ilimtosha kukaa karibu na mkahawa au nyumba yenye kinanda cha santuri. Mwanamke aliyekaa ndani, asiyeruhusiwa kwenda penye mkutano wa watu, aliweza kumsikia mwanamke mwenzake akisema yaliyomo moyoni mwake. Siti alirudi Bombay kunasa nyimbo nyingine, na makampuni mengine yaliyoona faida hiyo yakaanza kuwatafuta waimbaji wa Unguja na Mombasa. Sauti ya mchuuzi wa vyungu ilikuwa imekuwa bidhaa inayovuka bahari. Lakini safari hii mwenye sauti ndiye aliyekwenda kwa miguu yake na kurudi kwa jina lake.

Mwaka ule ule wa 1928 jambo jingine lilitendeka, nalo lilitendeka Mombasa. Wajumbe wa serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walikutana huko kuamua ni Kiswahili kipi kitakachotumiwa mashuleni na vitabuni. Wamisionari wa Mombasa walikuwa wamejifunza na kuandika Kimvita tangu siku za Krapf, aliyefika mwaka 1844, na Kimvita kilikuwa lugha ya washairi wakuu kama Muyaka bin Haji. Hata hivyo mkutano ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wengi wa Mombasa hawakupendezwa, na huzuni yao haikuwa bila sababu, kwa maana mtu akinyimwa lahaja yake vitabuni huona kama amenyimwa kiti nyumbani kwake.

Sisemi kuwa wajumbe wale waliamua kwa sababu ya Siti, wala kuwa Siti aliimba kwa sababu yao. Nataka uone tofauti ya njia mbili. Kamati ilikipeleka Kiunguja mashuleni kwa amri, na wanafunzi wakakipokea kwa sababu ya mtihani. Siti alikipeleka majumbani kwa santuri, na watu wakakipokea kwa mapenzi. Tena katika kundi lake Mvita na Unguja hawakugombana. Mbaruk wa Mombasa aliimba na kupiga pamoja na Siti wa Fumba, wala hapana aliyemwambia mwenziwe kuwa lugha yake si sanifu. Lugha hukua kwa sheria na kwa raha. Lakini iliyokuzwa kwa raha hudumu kinywani hata shule zikifungwa.

Ulimwengu wa wakati ule ulikuwa na waimbaji wengine wa kike waliotoka vijijini wakateka mataifa. Karibu nasi alikuwako Umm Kulthum wa Misri, binti wa imamu wa kijiji, aliyeinukia Cairo katika miaka ya 1920. Yeye alipata chombo ambacho Siti hakukipata, nacho ni sinema. Aliigiza katika filamu sita, na ya kwanza, iliyoitwa Widad, ilitoka mwaka 1936. Ndani yake aliigiza mtumwa mwimbaji anayeuzwa na bwana wake. Tafakari, msomaji: mwimbaji mkuu wa Misri alivaa utumwa kama vazi la mchezo, akalivua kazi ilipokwisha. Siti alivishwa jina hilo siku alipozaliwa, na ilimchukua nusu ya maisha yake kulivua. Hakuna filamu ya Siti ya kutazama, wala hatuwezi kumwona alivyosimama na alivyonyanyua mkono. Tuna sauti yake tu juu ya santuri zenye mikwaruzo. Na sauti hiyo imetosha.

Siti alifariki Unguja mwezi wa Julai, 1950. Muda mfupi kabla ya kufa kwake alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi na mwandishi mkuu wa Kiswahili, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Alizungumza naye, kisha akayaandika maisha yake katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kazi hiyo ni moja katika wasifu wa kwanza wa mwanamke Mwafrika kuandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika mwenziwe. Zamani wasifu uliandikwa kwa ajili ya mitume, masultani na mashujaa wa vita. Shaaban Robert alimchagua mfinyanzi aliyeimba. Kwa kalamu yake alithibitisha hukumu ambayo watu wa Ng'ambo walikwisha kuitoa kwa vinywa vyao.

Kazi ya Siti haikuzikwa naye. Fatma binti Baraka, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bi Kidude, alijifunza nyimbo zake tangu ujanani kwa kumsikiliza, akaendelea kuimba mpaka uzeeni. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX, mwaka 2006 maisha yake yalionyeshwa katika filamu, naye akafariki mwezi wa Aprili, 2013. Huko Tanzania chama cha wanahabari wanawake kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa santuri ya nyimbo zilizotoka katika urithi wa bibi yake. Katika Mombasa nako, ambako Mbaruk alitoka, taarabu ya Kiswahili ilistawi kwa namna yake, ikawatoa waimbaji kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zuhura Swaleh, mwanamke aliyeongoza kundi lenye jina lake mwenyewe. Katika siku za Barghash jambo kama hilo lisingewazika. Siti alikuwa amekwisha kulifanya liwe la kawaida.

Basi turudi kwa swali letu: ni nani humpa heshima mtu aliyetoka utumwani? Twaweza sasa kujibu kwa kiasi. Mikataba na amri zilikuwa na lazima, wala asizidharau mtu. Bila ya mkataba wa 1873 na amri za 1897 na 1907 mlango ungebaki umefungwa. Lakini mlango uliofunguliwa haumwingizi mtu sebuleni. Wako waliosubiri wakaribishwe, wakafa wakisubiri. Siti hakusubiri. Aliingia na alichokuwa nacho, lugha ya watu wa chini na sauti iliyokomaa kwa kuuza vyungu, akakaa mahali pake mpaka wenye nyumba wakaona kuwa nyumba ilikuwa na upungufu kabla yeye hajaingia.

Wewe usomaye haya, huenda hukupewa sauti ya kuimba. Haidhuru. Kila siku hupita karibu nawe watu wanaoitwa kwa majina ya kuwapunguza: kwa kazi yao, kwa kabila lao, kwa umaskini wao, au kwa kilema chao. Mmoja katika hao yumkini amebeba kichwani kitu cha thamani kuliko bidhaa anayoiuza. Watu wa Unguja walisikiliza, nao wakapata mwimbaji ambaye jina lake litatajwa maadamu Kiswahili chasemwa. Kama wangemwita Mtumwa mpaka mwisho wasitake kusikia zaidi, hasara isingekuwa yake peke yake. Ingekuwa yao, na leo ingekuwa yetu.